Kufunga TV ukutani bila nyaya kuonekana: mwongozo kamili kwa nyumba za tofali za Dodoma

Video nyingi za mtandaoni za kuficha nyaya za TV zimepigwa kwenye nyumba zenye kuta za mbao na jipsamu. Fundi anatoboa tundu juu, anatoboa jingine chini, anadondosha waya katikati, kazi imekwisha. Ukuta wa nyumba ya maeneo ya Dodoma kama Kisasa, Nzuguni au Iyumbu hauna uwazi huo. Ni tofali la saruji la inchi 5 au 6 lililopigwa lipu, au tofali la kuchoma, na waya hauingii mpaka ukuta utinduliwe. Kwa hiyo kazi hii ni ya mwashi na ya umeme kwa pamoja, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla TV haijatoka kwenye boksi.

Kama nyumba ni ya kupanga au ya serikali, usitindue bila ruhusa ya maandishi. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya trankingi (mfereji wa plastiki wenye kifuniko, unaobandikwa juu ya ukuta) hapo chini.

Kwanza, jua kilichomo ukutani

Kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea hapa. Watu hupenda kuweka TV juu kidogo ya soketi iliyopo, kwa sababu umeme uko karibu. Lakini kwenye nyumba zetu bomba la umeme kwa kawaida hushuka kutoka darini hadi kwenye soketi, wima. Maana yake waya unaolisha soketi hiyo unapita nyuma ya mahali pale pale unapotaka kutoboa tundu za breketi (chuma cha kushikilia TV ukutani).

Zima mainswichi, hakikisha kwa testa kwamba soketi imekufa, fungua skrubu mbili za soketi uivute nje. Tazama bomba linaingia kwenye boksi kutoka upande gani. Likiingia kwa juu, chora mstari wima kwa penseli kutoka hapo hadi darini, kisha acha sentimita 15 kila upande bila kutoboa wala kutindua. Fanya hivyo kwa kila swichi na soketi ya ukuta huo, na usisahau upande wa pili: soketi ya chumba cha nyuma inaweza kuwa na bomba kwenye tofali hilo hilo. Bafu likiwa nyuma ya ukuta, tafuta na bomba la maji.

Kama mistari hiyo inakubana, sogeza TV. Ni rahisi kuliko kuhamisha waya.

Urefu na vipimo

Katikati ya kioo pakae karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni kwa makochi ya kawaida. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 123 hivi na kimo cha 71. Katikati yake ikiwa 110, ukingo wa chini utakuwa kama sentimita 74 na wa juu 146. Kabati la kimo cha sentimita 45 au 50 linakaa chini yake vizuri. Pima TV yako mwenyewe, kwa sababu inchi zinazotajwa dukani ni za mshazari wa kioo, hazisemi upana wala kimo.

Mtindo wa kupandisha TV karibu na dari ni wa hoteli na saluni. Sebuleni utaumiza shingo, na waya nao utakuwa mrefu zaidi.

Nyuma ya TV kuna tundu nne za skrubu. Pima umbali kati yake kwa milimita, ulalo na wima: 200 kwa 200 ni kawaida kwa inchi 43, na inchi 55 huwa 300 kwa 300, 400 kwa 200 na kadhalika. Breketi lazima ifikie vipimo hivyo. Skrubu za breketi za kuingia nyuma ya TV huja za aina kadhaa kwenye pakiti moja. Ndefu kupita kiasi hugusa bodi ya ndani na kuiua TV siku hiyo hiyo. Ikikaza kabla ya kufika mwisho, iache, weka ringi za plastiki za kujazia zilizokuja nayo.

Tatizo la gadi

Umeme wetu hupanda na kushuka, na karibu kila nyumba TV inapitia gadi, kifaa cha kuilinda na umeme huo. Hapo ndipo mipango mizuri huvunjika. Plagi ya pini tatu ikiwa kwenye soketi hutokeza kama sentimita 4 hadi 5. Ongeza gadi, au adapta ya plagi ya pini mbili iliyokuja na TV, na unene unazidi. Breketi bapa huacha nafasi ya sentimita 2 au 3 tu. Matokeo yake TV inakaa upande, au plagi inabanwa hadi inalegea na kuanza kuchoma soketi.

Suluhisho zuri ni kuweka soketi ya juu inayolishwa kutoka chini, na gadi ikabaki nyuma ya kabati inakofikika. Hivi:

Nyuma ya TV weka boksi la 3 kwa 3 lenye soketi moja ya 13A. Kutoka hapo shusha bomba la umeme la milimita 20 lenye nyaya tatu za milimita za mraba 1.5 (moto, nyutro, erthi) hadi boksi lingine la 3 kwa 3 nyuma ya kabati. Boksi la chini lifunikwe kwa kifuniko chenye tundu la kutolea waya, na ndani yake nyaya ziunganishwe kwa konekta za skrubu na waya laini wa nyuzi tatu, urefu wa mita 1. Mwisho wa waya huo funga plagi ya 13A yenye fyuzi ya 5A. Plagi inaingia kwenye gadi, gadi inaingia kwenye soketi ya zamani ya ukutani.

TV ya inchi 55 kwa kawaida hula wati 100 hadi 150, chini ya ampea 1, kwa hiyo fyuzi ya 5A inatosha na kubaki. Mtu akichomeka pasi kubwa kwenye soketi ya juu, fyuzi itakatika kabla waya haujapata joto la kuudhuru. Na radi ikianza unachomoa plagi moja ya chini bila kugusa TV.

Usikubali kamwe kufungiwa waya wenye plagi pande zote mbili, eti uunganishe soketi na soketi. Ukichomoa upande mmoja, pini zinabaki wazi zikiwa na umeme. Pia waya wenyewe wa TV usizikwe kwenye lipu: ganda lake si la kuzikwa, na ukiharibika hutaubadilisha bila kubomoa. Kama huna ujuzi wa umeme, sehemu hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kutindua na kupiga lipu unaweza kufanya mwenyewe.

Kuhusu nafasi ya soketi ya juu: TV nyingi za siku hizi ni nene chini, kwenye bodi, na nyembamba juu. Weka soketi mahali palipo pembamba, kama sentimita 125 kutoka sakafuni kwa mfano wetu, kando ya vyuma vya breketi au ndani ya fremu yake. Laza breketi sakafuni juu ya mgongo wa TV kwanza uone uwazi uko wapi. Nusu saa hiyo haipotei.

Bomba la mawimbi lisiwe jembamba

Waya wa HDMI (unaobeba picha na sauti), wa dishi, na labda wa intaneti au wa spika, vipite kwenye bomba lao peke yao. Mafundi wengi huweka la milimita 20 kwa sababu ndilo walilonalo kwenye begi. Kichwa cha HDMI kina upana wa milimita 20 hivi na unene wa 11. Bomba hilo kwa ndani halifiki milimita 18. Hata la 25 hugoma. La 32 linapitisha HDMI moja ikitangulia, kisha waya wa dishi. Sisi tunapendekeza la 40, lile la maji machafu ya sinki, kwa sababu baada ya miaka michache utataka kubadilisha waya na utashukuru kuna nafasi.

Je, ukuta unabeba mfereji huo? Kanuni ya kufuata ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa tofali, na wa ulalo usizidi sudusi (moja ya sita). Tofali la inchi 6 lina milimita 150, kwa hiyo wima mwisho ni 50. La inchi 5 lina 125, mwisho 41. Bomba la 40 likiwa na milimita 10 za lipu juu yake linataka kina cha 50 kutoka usoni mwa ukuta. Lipu ya zamani ikiwa na milimita 15, unabaki kukata 35 kwenye tofali lenyewe. Inatosha kwa aina zote mbili. Kwa ulalo haitoshi kabisa, kwa hiyo usikate mfereji wa kulala kuvuka ukuta kufuata kabati lililo kando. Sogeza kabati.

Vifaa kwa TV ya inchi 55, mfereji wa sentimita 90

Bomba la milimita 40, mita 1, na viungo viwili vya nyuzi 45. Bomba la umeme la milimita 20, mita 1. Maboksi manne ya 3 kwa 3: mawili ya umeme, mawili ya mawimbi, ya kina kirefu, milimita 47. Soketi moja ya 13A, kifuniko cha kutolea waya, vifuniko viwili vya brashi au vyenye tundu kubwa. Nyaya za 1.5, rangi tatu, mita 1.5 kila moja. HDMI ya mita 2 au 3. Saruji kilo 2 na mchanga uliochekechwa lita 6. Wavu laini wa lipu, kipande cha upana wa sentimita 15. Silikoni, sponji, kamba ya nailoni mita 3.

Zana: grenda yenye diski ya kukatia zege, tindo, nyundo, drili ya nyundo na biti za milimita 6, 8 na 10, pima maji, futi, testa, mwiko, miwani na barakoa.

Kutindua

Toa makochi, mapazia na zulia, funika kisichotoka kwa nailoni, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa. Vumbi la grenda kwenye lipu ni kama la barabara ya Dodoma mwezi wa tisa, ila hili liko chumbani. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la saruji. Tafuta ile ngumu ya kazini. Usimwagie maji wakati wa kukata ukitumia grenda ya umeme.

Chora mistari miwili kwa pima maji: mfereji wa mawimbi upana wa milimita 50, mfereji wa umeme upana wa 30, na kati yao sentimita 10 za ukuta mzima. Chora maboksi kwenye ncha zake. Sakiti ya soketi za ukuta huo peke yake iwe imezimwa kwenye mainswichi. Grenda ichukue umeme kwa ekstensheni kutoka chumba cha sakiti nyingine.

Diski ndogo ya inchi 4½ hukata kama milimita 30 tu. Kata kingo zote mbili, pitisha mkato wa tatu katikati, halafu tindua kilichobaki kwa tindo ukianzia juu, ukiilaza tindo badala ya kuisimamisha. Tofali la kuchoma hupasuka vipande vikubwa ukipiga kwa hasira. Gonga kidogo kidogo. Tofali la saruji lililofyatuliwa kwa saruji kidogo humomonyoka kama udongo, na hiyo ni taarifa muhimu kwa kazi ya breketi baadaye. Kumbuka ulichokiona.

Kwenye ncha za bomba la mawimbi tumia viungo vya nyuzi 45, si vya 90. Kona kali hukwamisha kichwa cha HDMI, na waya wa dishi ukikunjwa kwa kona iliyo ndani ya sentimita 7 hupunguza mawimbi. Utaona picha inakatikakatika mvua ikinyesha na utailaumu dishi bure.

Vuta na ujaribu kabla ya lipu

Kaza mabomba kwa misumari ya kando au mabonge madogo ya saruji. Pitisha kamba, funga kichwa cha HDMI kwa utepe wa umeme ukikilaza kiwe chembamba mbele, vuta polepole huku mtu wa pili akisukuma. HDMI itangulie, dishi ifuate ikiwa bado haina konekta. Acha kamba moja ya akiba ndani ya bomba daima.

Waya wa kawaida hadi mita 5 hubeba picha ya 4K bila shida ukiwa mzuri. Zaidi ya hapo nunua ule wenye chipu au wa nyuzi za kioo, na angalia: huo una upande. Ncha moja imeandikwa ya chanzo, nyingine ya kioo. Ukiuvuta kinyume hautoi picha, na usipojua sababu utaurudisha dukani.

Sasa weka TV sakafuni ikiegemea kochi, unganisha kila kitu, washa kingamuzi, tazama dakika kumi. Mwambie fundi umeme apime erthi ya soketi ya juu kwa mita. Baada ya hapo ndipo uzibe.

Lipu isipasuke

Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi hunyonya maji kwenye lipu kabla saruji haijashika, ndiyo maana mifereji mingi iliyozibwa hapa huonyesha ufa mwembamba ulionyooka baada ya wiki mbili. Lowesha mfereji vizuri jioni, na tena asubuhi kabla ya kuanza. Changanya saruji 1 kwa mchanga 4. Ziba tabaka la kwanza hadi libaki milimita 8, likwaruze, liache hadi kesho yake. Tandika wavu uvuke kingo za mfereji sentimita 3 kila upande, ukikwangua lipu ya zamani kidogo ili wavu usivimbe, kisha piga tabaka la mwisho. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 5. Puti na rangi zisubiri wiki nzima. Rangi ya kiraka haitalingana na ya zamani iliyokaa juani. Paka ukuta wote kutoka kona hadi kona.

Breketi

TV ya inchi 55 ina kilo 13 hadi 18, uzito ambao boliti nne nzuri hubeba bila wasiwasi. Kinachoangusha TV ni boliti kushika lipu badala ya tofali. Boliti zinazokuja na breketi huwa na milimita 50 au 60. Toa unene wa chuma, toa lipu ya 15 au 20, na kinachobaki ndani ya tofali ni kidogo. Tumia za milimita 8 kwa 80 zenye plagi ndefu za plastiki, toboa kina cha 90 ikiwa tofali ni la inchi 5 au zaidi, na pulizia vumbi litoke tunduni kabla ya kuingiza plagi.

Anza na biti ya milimita 6, kisha ya ukubwa kamili. Kwenye tofali la kuchoma toboa bila nyundo. Unga ukibadilika rangi na biti ikaingia ghafla, umepata kiungio cha tofali na tofali. Sogea sentimita 3 juu au chini.

Kama tofali ni lile la kumomonyoka, usiongeze plagi kubwa zaidi. Pitisha boliti hadi upande wa pili wa ukuta na ufunge kwa bamba la chuma, au tumia gundi ya nanga inayodungwa tunduni, uiache ikauke muda ulioandikwa kwenye chupa. Kwa nyumba ya tofali mbichi za udongo, kama nyingi za zamani za Bahi na Kongwa, usining'inize kabisa. Stendi ya sakafuni, waya nyuma ya mguu wake.

Ukiwa na sehemu ya kuotea moto

Baridi ya Juni na Julai huwafanya baadhi ya watu wajenge meko ya sebuleni, na juu yake panaonekana kama pameandaliwa kwa TV. Fikiri mara mbili. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa joto la mazingira kwenye nyuzi 40. Bandika kipimajoto mahali pa TV, washa moto wa kawaida saa nzima, soma. Ikizidi 40, jibu umepata.

Ikiwa chini ya hapo, bado usitindue dohani: ukuta wake unabeba moto na moshi, na nyaya zinaiva polepole bila kuonekana. Njia salama ni kupanda. Mfereji wa wima kando ya dohani hadi darini, bomba darini, kushuka kwenye kabati la pembeni. Chini ya bati mchana kunachemka, kwa hiyo nyaya zikae ndani ya bomba na zisiguse bati. HDMI itafika mita 7 au 8, ule wenye chipu. Chagua breketi inayoinamisha kioo chini, maana TV itakuwa juu.

Nyumba ya kupanga: trankingi

Trankingi ya milimita 40 kwa 25 inameza HDMI, dishi na waya wa umeme wa TV, ikiwa wima moja kwa moja kutoka katikati ya TV hadi kabatini. Ile gundi ya mgongoni haishiki ukuta wa chokaa au rangi inayotoa unga. Mwezi wa Novemba joto likipanda itabanduka yote. Tumia skrubu ndogo kila sentimita 40, mbili tu za ncha kama mwenye nyumba ni mkali, na gundi katikati. Ipake rangi ya ukuta kabla ya kuibandika, kifuniko na mwili mbalimbali.

Waya wa dishi na wageni wa bombani

Tundu la kuingizia waya wa dishi litobolewe kutoka ndani likiinama kuelekea nje, na waya nje uning'inie kitanzi kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua ya Desemba hadi Machi yadondoke badala ya kufuata waya hadi kwenye kingamuzi. Ziba kwa silikoni. Radi ikinguruma, kuchomoa umeme hakutoshi. Fungua na waya wa dishi, kwa sababu huingiza mshtuko huo huo kwa mlango wa nyuma.

Ncha za mabomba zizibe kwa sponji baada ya kuvuta nyaya. Dondora hujenga udongo ndani ya bomba wazi msimu mmoja tu, na mchwa hupanda ndani yake hadi kwenye kabati la mbao. Kingamuzi kikae kwenye rafu yenye uwazi mbele na nyuma: rimoti haipiti mbao, na joto lisipotoka kitaanza kujizima chenyewe mchana.